Mtu na Mutu: Matamshi ya Mwigizaji
Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, Kiswahili husikika kwa wavuvi na wachuuzi wa ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo. Hao hutamka mutu, muti, mutoto. Na mwenyeji aliyezoea umuntu na umuti wa Kibemba hayaoni maneno hayo kuwa mageni. Mimi niliyezoea m inayosimama peke yake kuwa silabi, m-tu, nimejiuliza mara nyingi: mwigizaji wa redio akipewa maneno ya mvuvi wa Nchelenge, ayasome vipi?

Sarufi yatusaidia. Kiambishi cha asili ni mu-. Kiunguja, kilichoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, huidondosha u mbele ya konsonanti. Mbele ya irabu alama yake imebaki: mwana, mwizi, muumba. Basi mutu si kosa la ulimi, bali ni umbo kongwe.

Kwa hiyo msimulizi na aseme mtu, kwani husema na wasikilizaji wote. Mvuvi na aseme mutu, kwani husema na wenziwe. Akitamka kama msoma habari, watu wa ziwani watamsikia mgeni aliyeshika wavu.

Nasi walimu tukisahihisha mutu pasipo kueleza asili yake, mwanafunzi atajifunza kuuonea haya usemi wa mama yake. Tumfundishe matamshi sanifu kwa ukamilifu, na tumwonyeshe mahali pa kila tamko.