Wa Machi au wa Agosti?

Mvinyo mwekundu wa Dodoma una ukakasi, na wageni wengi huukataa kwa sababu hiyo hiyo inayonifanya mimi niupende. Ukimeza, ufizi unabana kama uliyetafuna zambarau kabla hazijaiva. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na kokwa, ambazo huachwa humo humo juisi ikichachuka, na wekundu nao hutokea hapo hapo. Ngoja kidogo, utaona mate yanarudi, na ladha ya tunda inakuja nyuma yake taratibu.

Niliujua nikiwa karani kijana, miaka ya 1980. Mji ulikwisha kutangazwa makao makuu tangu 1973, lakini jioni ng'ombe wa Wagogo walikuwa bado wanakata barabara kurudi zizini, kengele zao zikilia, vumbi jekundu likitua juu ya nguo zilizoanikwa. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni. Chupa ya mvinyo, ukijua mtu wa kumwuliza, hukuikosa.

Tulikuwa na kijiwe chetu nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja wa kemia, chini ya mwarobaini. Glasi zilikuwa za chai, zile nene zenye mistari. Mwalimu alitufundisha kunusa kabla ya kunywa na kuandika daftarini tulichokisikia puani: choya iliyokaushwa, ukwaju, karafuu, udongo ule wa mvua ya kwanza ya Desemba. Pamoja nasi alikaa dereva wa treni mstaafu. Tukishamwamkia, anatutazama tulivyoinamia glasi, anacheka: "Wanangu, mnanusa kama watu waliopoteza kitu humo ndani!" Halafu naye ananusa, kwa muda mrefu kutuzidi.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa mmoja: huu ni wa Machi au wa Agosti? Maana Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe majira ya theluji. Kwetu mkulima ndiye anayeulaza kwa kuunyima maji, na ndiye anayeuamsha kwa kisu cha kupogolea. Zabibu za masika hunywa mvua, utamu ukapungua. Zile za kiangazi huiva kwenye jua kavu, ganda gumu, sukari imejaa. Mimi nilikuwa mtu wa Agosti, na bado ni mtu wa Agosti. Mzee wa treni alishikilia kwamba wa Machi una adabu zaidi kwenye nyama ya mbuzi, na sikuweza kumbadilisha.

Alikuwa na habari nyingi yule mzee. Ndiye aliyetusimulia jinsi wamisionari walivyopanda mizabibu Bihawana mwaka 1957, na jinsi wafungwa wa gereza la Isanga walivyokuja kuilima baadaye. Aina iliyoshika ardhi yetu kuliko nyingine, ile nyekundu, ikaitwa Makutupora, kama kijiji chenye kituo cha utafiti.

Sigara nene zilitufikia kwa njia ya siasa. Fidel Castro alikuja Tanzania mwaka 1977, na vijana wetu walikwenda kusoma Cuba. Mmoja wao, daktari, alirudi na kasha la mwerezi lililojaa Montecristo. Ukilifungua, harufu ya mbao na majani inajaza ua mzima. Ukavu wa Dodoma ukaanza kuyapasua majani yake. Mke wa mwalimu akaweka kipande cha kiazi kibichi ndani ya kasha, yakalainika. Daktari alitueleza kwamba huko viwandani huwepo mtu wa kuwasomea wasokotaji riwaya wakiwa kazini, na kwamba jina Montecristo limetoka kwenye riwaya ya Alexandre Dumas. Mzee akaishika yake mkononi kwa heshima. "Kumbe hii imesikiliza hadithi," akasema.

Moshi hauvutwi kifuani, unaviringishwa mdomoni. Mwanzo ni karanga za kukaanga; katikati kahawa na pilipili manga; mwisho uchungu, na hapo sigara uiache. Pamoja na Makutupora mkavu iligombana. Pamoja na mvinyo mtamu mzito ilipatana vizuri mno, hata mazungumzo yakawa yanakatika.

Mashamba niliyoyajua njia ya Bihawana, mengine leo ni viwanja vyenye mawe ya mipaka. Serikali imehamia, watu lazima walale mahali. Treni ya umeme inafika Dodoma kwa chini ya saa nne, madirisha hayafunguki, basi yale mabeseni ya zabibu tuliyokuwa tukiinuliwa hadi dirishani mwa treni ya zamani alfajiri, zingali na baridi ya usiku, hayana pa kupitia.

Sigara daktari wangu wa sasa amenikataza. Mvinyo nanywa kidogo. Joto la Dar es Salaam, ninakoishi sasa, huupandisha ukali puani, kwa hiyo naipitisha chupa kwenye friji dakika 20, naifungua mapema, nasubiri mbuzi aive. Mwalimu na mzee wote wametangulia. Vijana wa nyumbani wanakunywa nami kwa furaha, wanasema mtamu au mkali, basi. Wa kunibishia kwamba huu ni wa Machi bado sijampata.