Kupanga na Kupanda

Kiswahili kimeyaweka maneno haya mawili jirani mno: kupanga na kupanda. Herufi moja tu. Lakini mama yangu aliishi zaidi ya miaka 30 akiamini kwamba anayefanya la kwanza asithubutu la pili. "Mpangaji hapandi chini," alikuwa akisema. "Utampandia mwenye nyumba."

Ndiyo maana bustani yetu ilikuwa ya ndoo. Ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa vitako kwa msumari wa moto, makopo ya maziwa, beseni lililopasuka. Tumehama nyumba 5 humu humu Dar es Salaam, na kila safari mkokoteni wa mwisho ulikuwa wa mimea: mrehani, mchaichai, shubiri, na juu kabisa mwasumini ambao mama aliutoa kwao Tanga siku alipoolewa.

Sisemi uongo, bustani ya ndoo ina raha yake. Mimea mirefu nyuma, mifupi mbele. Ukichoshwa na mpangilio, unasogeza ndoo, basi.

Shida ni mizizi. Mwaka jana mwasumini ulibaki vijiti vitupu na majani ya manjano. Mama, ambaye sasa anaishi nami na miguu inamsumbua, amezoea kutunga maua yake jioni na kuyaweka kando ya mto wake. Uzi ukakaa bure dirishani. Nilipoutoa ule mti kwenye ndoo nikakuta mizizi imejizungusha kama kata ya kichwani, udongo karibu umekwisha.

Nikasubiri mvua za vuli, nikachukua mkasi. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi zee ukiliacha linarefuka tu. Nikaupogoa mpaka ukabaki kimo cha goti, nikaupunguza mizizi, nikaurudisha kwenye udongo mpya. Nilifanya hayo mama akiwa amelala, kwa sababu nilijua angekataa.

Alipoamka akaliona rundo la matawi. Akakaa kwenye kigoda, kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia kwanza nikauage." Sikuwa na jibu.

Rundo lile sikulitupa. Nilichagua vijiti 10 vilivyokomaa kiasi, si vichanga wala si vigumu kama kuni, kila kimoja urefu wa kiganja. Nikakata chini kidogo ya kifundo, nikaondoa majani ya chini, nikavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, na kuvifunika kwa chupa za maji zilizokatwa vitako. Wiki nzima mama hakunisemesha habari za mimea. Wiki ya pili nikamwona anainua chupa moja, anachungulia. Wiki ya sita, vijiti 6 vilikuwa vimeshika, na mti mzee nao ulikuwa umeanza kuchipua.

Vitano vikaenda kwenye ndoo. Cha sita nilikuwa nakitafutia kopo, mama akasema, "Hicho chimbia shimo, pale ukutani."

Nikamuuliza, "Na mwenye nyumba je?"

"Naye ana pua."

Masika yalipokwisha, mwenye nyumba akatuambia tutafute pengine. Mwanawe anaoa, anaitaka nyumba. Siku ya kuhama mkokoteni ulikuwa umeshapakiwa, kamba zimefungwa, kijana anatuharakisha. Mama akaomba maji kwenye kopo. Akatembea taratibu hadi ukutani, akaumwagilia ule mwasumini wa chini, ambao ulikuwa umeshawapita wenzake wa kwenye ndoo kwa urefu. Akachuma ua moja, akalifunga kwenye pindo la khanga.

"Bibi, huo hamuuchukui?" kijana akauliza.

"Huo si mpangaji," mama akasema, akaanza kutembea.