Kutoka Haydom Mpaka Charlottesville: Muhula Mmoja Ugenini

Kama umepata kufika Haydom wajua safari yake. Ukitoka Arusha wapita Karatu na Mbulu, au wazungukia Babati na Katesh, ukiuacha Mlima Hanang nyuma yako. Njia yoyote utakayoshika, utafika umechoka. Lakini ukienda mnadani utasahau uchovu, maana hapo utasikia Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na Kihadzabe siku moja, na wenye lugha hizo wakipatana bei kwa Kiswahili. Lugha hizo nne hazina undugu, kila moja ina asili yake mbali na nyingine. Mahali pa namna hiyo ni pachache katika Afrika nzima.

Tena Haydom pana jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hospitali ya Kilutheri, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norway, ina urafiki wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Virginia kilichoko katika mji wa Charlottesville, Marekani. Mwaka 2009 ulianza uchunguzi mkubwa wa watoto wachanga katika nchi 8, nao Haydom ilikuwa mahali pamoja kati ya hapo. Watoto walifuatwa nyumbani kwao tangu kuzaliwa, wakapimwa urefu na uzito, na kinyesi chao kikachunguzwa, ili ijulikane kwa nini watoto wengi wa vijijini hudumaa. Baadaye, kuanzia 2017, watoto 1,188 wa Haydom na vijiji vya jirani walijaribiwa dawa za kuua vijidudu vya tumboni pamoja na aina moja ya vitamini. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2021 yalisema wazi kwamba dawa hizo hazikuwaongezea watoto urefu. Jibu la "hapana" nalo ni elimu, maana latuzuia kutumia fedha ovyo na latupeleka kutafuta sababu mahali pengine.

Nimeanza na habari hiyo kwa kusudi. Siku hizi vijana wetu walioko vyuo vikuu husikia kwamba mwanafunzi aweza kwenda kusoma muhula mmoja Marekani kisha akarudi kumaliza chuo chake. Mzazi akisikia hivyo hufikiri mambo mawili: ng'ombe wangapi watauzwa, na dola ngapi zitarudi. Basi tuyatazame yote mawili kwa utulivu.

Mwanafunzi wa namna hii huitwa wa kubadilishana, kwa sababu vyuo viwili vimepatana kupelekeana wanafunzi. Mara nyingi hulipa ada katika chuo chake cha nyumbani, wala halipi ada ya kule. Lakini nauli, chumba, chakula na bima ya ugonjwa havikwepeki. Zipo pia ada za kuandikishwa na za kuomba viza, ambazo hazirudishwi hata ukikataliwa. Na kazi? Mwenye viza hiyo huruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa idhini tu, tena isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Fedha hiyo hununua sabuni na vitabu. Haijengi nyumba ya bati nyumbani, na mzazi asiingoje.

Tena liko jambo zito zaidi. Mwezi wa Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo la kuzuia viza za aina kadhaa kwa raia wa Tanzania kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na viza za wanafunzi zilikuwamo. Matangazo ya namna hiyo hubadilika, hukazwa au hulegezwa. Kwa hiyo, baba na mama, msiuze hata mbuzi mmoja kabla kijana hajauliza ubalozi wenyewe na ofisi ya chuo chake. Akitokea mtu mjini na kusema, "Nipe fedha, mimi nina njia yangu," mwambieni kwaheri.

Tuseme sasa njia imefunguka, na binti yako amefika Charlottesville mwishoni mwa Agosti. Atakuta mji usio mkubwa, wenye miti mingi, na milima ya Blue Ridge upande wa magharibi. Chuo kilianzishwa mwaka 1819 na Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa nchi ile. Kina uwanja mrefu wa majani, na kichwani pake jengo la kuba liitwalo Rotunda. Watu hutoka mbali kuja kulitazama.

Lakini asiishie hapo. Karibu na Rotunda ipo kumbukumbu ya mawe iliyojengwa kwa umbo la duara na kumalizika mwaka 2020. Ni ya watumwa, watu weusi wapatao 4,000, waliojenga chuo kile na kukitumikia. Wengi hawajulikani majina, na kwa kila asiyejulikana umechorwa mstari katika jiwe. Mtoto wa Haydom, ambaye babu yake aweza kutaja ukoo mpaka kizazi cha saba, atasimama mbele ya mistari ile na kuelewa bila mwalimu ni kitu gani watu wale walinyang'anywa.

Darasani ndipo penye kazi. Siku ya kwanza atapewa karatasi yenye masomo yote ya muhula, kurasa za kusoma kila juma, na tarehe ya kila zoezi. Tarehe ikipita, imepita. Alama hazingoji mtihani mmoja wa mwisho, bali hukusanywa kidogo kidogo kama maji ya mvua kwenye pipa. Na kuzungumza darasani nako kuna alama. Kwetu mtoto mwenye adabu hunyamaza mbele ya mkubwa. Kule anyamazaye hudhaniwa hakusoma. Kuuliza, hata kumpinga mwalimu kwa maneno mazuri, si utovu wa heshima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kule ni mdomo.

Ajihadhari pia na kunakili. Tangu mwaka 1842 chuo kile kina desturi ya heshima: mwanafunzi huahidi kwa sahihi yake kwamba hakuiba kazi ya mwenziwe, na kesi za wanaovunja ahadi husimamiwa na wanafunzi wenyewe. Kuandika maneno ya kitabu bila kutaja kitabu ni wizi, hata kama kwetu tumezoea kuyakariri.

Kuna mambo madogo ambayo humsumbua mgeni. Saa yao huhesabiwa kutoka usiku wa manane, kwa hiyo "saa tisa" yao ya asubuhi ni saa tatu yetu. Akikosea atafika darasani mchana! Mwezi wa Septemba, Haydom ikiwa saa mbili usiku, Charlottesville ni saa saba mchana. Novemba saa zao hurudishwa nyuma, na tofauti huwa saa nane. Baridi ya Juni ya Haydom si kitu mbele ya Desemba ya kule, basi koti anunue mapema. Na Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya kushukuru, wenzake wote huenda makwao na bweni huwa kimya. Akialikwa nyumbani kwa mtu, akubali. Asipoalikwa, ninyi mpigieni simu.

Sasa narudi kwa wale watoto waliopimwa. Binti yako akiingia darasa la afya, huenda akakuta jina la Haydom katika kitabu. Wenzake watakuwa wamesoma hesabu za udumavu. Yeye ndiye atakayejua kwamba mama huamka alfajiri kuchota maji, kwamba ndama na kuku hulala karibu na watu, na kwamba mtoto aachishwaye ziwa hupewa uji wa mahindi matupu. Hayo hayamo katika hesabu, na pasipo hayo hesabu haisemi sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapo mgeni ni yeye.

Kwa hiyo, mzazi, kabla mtoto wako hajaondoka, mtembeze nyumbani. Akae na bibi yake, aulize majina ya mimea, aandike namna maziwa yanavyohifadhiwa katika kibuyu. Na akirudi mwezi wa Desemba, usimwulize kwanza ameleta nini mkobani. Mwulize alijibu nini walipomwuliza habari zetu, na ni swali gani amerudi nalo la kutafutia jibu hapa hapa Haydom.