Usiku wa Mbahe

Safari ya Kilimanjaro inayojulikana na wengi ni ile ya Desemba, mabasi ya Dar es Salaam yanapojaa na Wachaga kurudi vihambani, mashamba yao ya ukoo mlimani, kula Krismasi. Ya kwetu ilikuwa ya kipupwe. Shule zikifungwa mwezi wa sita, wakati ambapo kwetu Mabogini, chini kwenye tambarare, watu huvaa sweta alfajiri na kuzivua saa nne, baba alianza kutafuta gari la kutupandisha Mbahe, kijiji cha Marangu ya juu kinachopakana na msitu. Hatukuwa na ndugu huko. Alikuwepo rafiki yake waliyejuana kwenye mashamba ya miwa ya TPC kabla sijazaliwa. Mzee yule aliacha miwa, akarudi kwao, akawa mgumu, kama wapagazi wa mlima wanavyoitwa. Sisi watoto tulimwita Baba Mkubwa na mkewe Mama Mkubwa, na tulikua tukiamini ni damu moja.

Mabogini iko kama mita 750 kutoka usawa wa bahari. Mbahe inakaribia 1,800. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na mwezi wa saba huongezeka ukungu unaoshuka kutoka msituni na kukaa kwenye migomba kutwa nzima. Nguo iliyofuliwa Jumatatu haijakauka Alhamisi. Kwa mtoto aliyezoea kulala na shuka moja huku akifukuza mbu, ile ilikuwa nchi nyingine, na tuliipenda kwa moyo wote.

Jioni ya kuamkia safari ilikuwa ya mama. Alikaa chini mbele ya gunia la mchele na sindano ndefu ya kushonea magunia, akalivuta lile gunia katikati ya magoti, akalikung'uta ili mchele ushuke, kisha akalishona mdomo kwa kamba ya katani. Pembe mbili aliziacha na kuzifunga pembeni ziwe masikio ya kushikia. Miaka ya nyuma zaidi tulikuwa tunapeleka mahindi. Mchele ulianza kwenda Mbahe baada ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, mfereji wa Mabogini ulipoanza kuleta maji ya Njoro mashambani kwetu kwa ratiba. Juu ya magunia tulipakia majani makavu ya mpunga, kwa sababu ng'ombe wa kihambani hafungwi malishoni. Anakaa zizini, na chakula chake hupandishwa kutoka tambarare. Sisi tulikaa juu ya majani hayo, tumejifunika turubai.

Njia yenyewe haikuwa ndefu: Pasua, mjini, Kiboriloni, Kawawa, Uchira, Njia Panda, Himo, halafu unapinda na kuanza kupanda. Mpaka Marangu Mtoni gari lilienda vizuri. Taabu ilianza tukiiacha lami kuelekea Mbahe. Udongo ule mwekundu ukilowa ukungu unateleza kama sabuni. Pikapu ilikuwa inarudi nyuma huku inaunguruma, wanaume wanashuka kusukuma, na mara nyingi kipande cha mwisho tulikimaliza kwa miguu, magunia mabegani mwa vijana waliotoka vihambani bila kuitwa. Kwa njia kama ile hakuna aliyewaza kurudi siku hiyo hiyo. Tulikaa mpaka njia ikauke.

Na ndipo ulipokuwa usiku wa Mbahe. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, kuni za kutoka ile sehemu ya msitu iliyoitwa nusu maili, ambako wanakijiji walikuwa wanaruhusiwa kuchanja. Mama Mkubwa alitugawia mtori wa moto kwenye vikombe vya bati. Wakubwa walikuwa na mbege yao. Kabla hatujakaribia moto, Baba Mkubwa alitukagua mgongoni mmoja mmoja kwa kiganja. Fulana ikiwa imelowa jasho la kupanda, unaivua hapo hapo na kupewa kavu.

"Baridi haina neno, mwanangu," alikuwa akisema. "Anayekufa kwa baridi ni aliyekaa na nguo mbichi."

Alikuwa ameyajua hayo kwenye kambi za mlimani, Horombo na Kibo, alikobeba mizigo ya wageni kwa miaka mingi. Makoti ya sufu na soksi nene walizomwachia alituvalisha sisi, mikono inaning'inia mpaka magotini. Kisha yeye na baba wakazungumza mpaka usiku mkubwa: nani amekufa, nani ameoa, shamba gani lina mgogoro, mtoto gani ada haijapatikana. Deni la ada ya kaka yangu lilimalizwa pale motoni, mbele yetu, bila karatasi.

Mambo yalianza kubadilika kimya kimya. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Kihamba cha Mbahe, kilichokuwa kinasomesha watoto kwa kahawa, kikaanza kuachwa. Mibuni ilizeeka bila kupogolewa, mingine ikang'olewa, na vijana wakashuka mjini. Mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Naona sababu ya kuulinda. Sisi wa Mabogini tunakula kwa maji ya mlima, na wataalamu wanatuambia kwamba chemchemi hizo hulishwa zaidi na mvua ya msituni kuliko barafu ya kilele cha Kibo. Lakini Mama Mkubwa hakuweza tena kwenda kuni kama zamani, moto ukawa mdogo, baadaye ukaja mtungi wa gesi. Mtungi unapika haraka, ila watu hawauzunguki.

Barafu yenyewe Baba Mkubwa aliiona ikiisha kwa macho yake. Alikuwa akituonyesha kwa fimbo, asubuhi ukungu ukifunguka, mahali ilipokuwa inafika alipokuwa kijana. Vipimo vilivyotangazwa baadaye vilisema kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza kama asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Mzee hakuwahi kusikia tarakimu hiyo, na asingeshangaa.

Lakini kilichoubadilisha urafiki wetu kuliko vyote ni njia. Imechongwa, imewekwa kifusi, kwenye mwinuko mkali pamemwagwa zege. Bodaboda inapanda mpaka mlangoni. Kwa hiyo tukaanza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Tulifika tumebeba mchele, tukala, tukapiga picha, saa tisa mtu anaangalia saa. Habari zinazosemwa mchana, watu wakiwa wamesimama, ni za afya na mvua. Yale ya ada, ya ugonjwa unaofichwa, ya shamba lililouzwa, yalihitaji giza na baridi ya kuwakusanya watu mahali pamoja. Kifo cha Baba Mkubwa kilitukuta hatujui kwamba alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na tulikuwa tumekaa naye meza moja miezi michache tu kabla.

Mwanawe sasa ni kiongozi wa watalii. Mlimani ndiko aliko kila mwezi wa saba, maana ndio msimu wenyewe, na mwaka jana mama yangu alimpigia simu kabla hajapanda, kijana akiwa bado Marangu.

"Mwanangu, mwaka huu tunalala."

"Mama, nyumbani baridi kali, na vitanda havitoshi."

"Vitanda nimekuuliza?"

Tulilala, wajukuu chini kwenye mikeka, mablanketi ya kuazima kwa majirani. Mama Mkubwa aliagiza kuni za migrevilea ya kihambani zikatwe, jiko la zamani likafagiliwa, akawapapasa wajukuu mgongoni mmoja mmoja kama mumewe alivyokuwa akifanya. Kabla ya saa sita usiku nilikuwa nimejua kwamba kihamba kina mnunuzi, kwamba watoto wawili wa Baba Mkubwa wanataka kuuza na mmoja hataki. Mama aliniamsha alfajiri twende tukazungumze na huyo asiyetaka.