Goma: daftari ndani ya simu larudisha amani katika biashara ya mama mkimbizi

Kila asubuhi, mbele ya saa moja, mama mmoja hupanga mali yake juu ya meza ya mbao kando ya soko la Virunga, mjini Goma, jimboni Kivu ya Kaskazini. Anauza unga wa mahindi, sambaza kavu, chumvi na sabuni. Alitoka Masisi akikimbia vita, akaishi kambini na watoto wanne. Kambi zilizozunguka mji zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, alipanga chumba kimoja katika mtaa wa Ndosho. Mtaji wake ulikuwa dola 80, alizokopa kwenye kikundi cha akiba cha akina mama.

Miezi ya kwanza, unga ulikuwa unaisha haraka na yeye alifurahi. Lakini kila aliporudi kwenye depo kununua mfuko mwingine, pesa zilipungua kidogo. Alianza kufikiri kuna mtu anayemwibia. Nani basi? Aliyebaki mezani saa za mchana ni kijana wake mkubwa. Mama hakumwambia kitu, ila alianza kuhesabu pesa mara mbili mbele yake. Kijana alielewa. Kwa juma zima, ndani ya kile chumba kimoja, walisemezana kwa shida.

Siku moja jioni kijana alivunja ukimya.

“Mama, tuandike kila kitu. Kama mimi ndiye mwizi, hesabu itasema.”

Walianza na daftari la shule: kilichonunuliwa, kilichouzwa, aliyelipa, aliyekopa, na hata pesa ya chukudu. Baadaye kijana alihamisha mahesabu kwenye simu, ndani ya programu ya majedwali, ile ambayo maofisi hutumia kwa kupanga mishahara. Aliipangia kazi mara moja tu. Tangu hapo, mama akiingiza bei ya kununua na bei ya kuuza, simu inatoa gharama na kuonyesha faida yenyewe. Deni likipita siku 14, mstari wake unageuka mwekundu.

Mwisho wa mwezi wakaketi kusoma. Mfuko wa unga ulinunuliwa dola 20, ukauzwa dola 23. Mama aliona faida ya dola 3. Lakini chukudu ilichukua dola 1, mifuko midogo ya kupimia nusu dola, na madeni yasiyolipwa dola 2. Kwa kila mfuko alikuwa akipoteza nusu dola, na kadiri alivyouza zaidi, ndivyo mtaji ulivyozidi kuliwa. Sambaza, ambazo hakuzijali kwa sababu zinatoka polepole, ndizo zilikuwa zinalisha nyumba, maana watu huzinunua kwa pesa mkononi.

Mwizi hakuwepo. Mama alimwangalia kijana wake, akasema: “Unisamehe, mwanangu.” Kijana aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuingiza hesabu za siku ile.

Jedwali lilikuwa na jambo lingine. Mama alikuwa akimwogopa jirani mmoja, mkimbizi kama yeye, anayefua nguo za watu. Kila alipomkopesha unga, moyo ulimuuma. Tena kulikuwa na bwana mmoja mwenye pikipiki na viatu vizuri, ambaye alimkopesha bila wasiwasi. Simu haikujua viatu vya mtu. Ilionyesha kwamba yule jirani hulipa kila siku ya posho, hata kama ni kidogo kidogo, na mistari ya yule bwana ilikuwa mwekundu tangu miezi miwili.

Makampuni makubwa hufuata njia hiyohiyo. Kongo ina M-Pesa tangu mwaka 2012, na kila pesa inayotumwa huacha ujumbe wenye tarehe, kiasi na salio. Nchini Kenya, tangu mwaka huohuo wa 2012, huduma ya M-Shwari hukopesha watu kwa kuangalia namna wanavyotumia simu na pesa zao, bila kudai hati ya shamba wala nyumba. Mjini Goma, mabenki yalipofunga milango mwezi wa kwanza mwaka 2025, wengi walibaki wakitegemea pesa za simu. Mama huyu hafuti ujumbe hata mmoja. Mteja akisema “nilikutumia juzi”, wanafungua simu na kusoma pamoja, na ugomvi unaisha.

Lakini simu haijui kila kitu. Haijui kama barabara ya Masisi imefungwa leo, wala kama mtumbwi umekawia kufika Kituku. Ukiingiza uongo, itajumlisha uongo huo vizuri kabisa. Simu pia huibiwa. Ndiyo maana kila siku ya Mungu jioni kijana hutuma nakala ya jedwali kwa mjomba wake aliye Beni. Daftari la zamani la mama, lenye majina ya waliomdai na waliodaiwa, lilipotea njiani wakati wa kukimbia. La sasa litabaki hata kama yeye atalazimika kuhama tena. Namba ya siri ya pesa hampi mtu, hata anayejiita mtumishi wa kampuni.

Sasa unga ananunua kidogo, sambaza anaongeza. Deni la kikundi amebakiza dola 15. Posho iliyopita yule bwana wa pikipiki alikuja kukopa tena. Mama alimgeuzia simu aone mwenyewe ile mistari. Nyuma yake alisimama jirani mfua nguo, na noti zimekunjwa mkononi.

“Dada, nimeleta ya juma lililopita.”

“Karibu, dada. Chukua na unga wa leo, tutaandika.”