Aliyekula Sombe Yuko Wapi?

Mimi nilikuwa mtu wa tetesi. Wapo wanaofuata futiboli ya vyuo vya Marekani kwa ajili ya mchezo wenyewe, wapo wanaoifuata kwa ajili ya bendi na nyama choma za nje ya uwanja. Mimi, Mtanzania ninayeishi Iowa, niliifuata kwa ajili ya nani anatimuliwa na nani anarithi kiti chake. Utamu wangu ulianza Oktoba, makocha wakuu wanapoanza kufungashiwa virago.

Wala sikuhitaji kufundishwa. Aliyekulia kwenye vijiwe vya Simba na Yanga, mahali ambapo kila mwenye kikombe cha kahawa anaapa kwamba kocha mpya yuko angani tayari, anafika huku akiwa amehitimu. Tofauti ni kwamba huku ndege unaiona. Ndege ndogo za kukodi zina namba mkiani na zipo programu za simu zinazoonyesha zilikotoka na zinakotua. Ndege ikitoka mji wa chuo kisicho na kocha ikatua mji wa kocha anayetajwa, usiku huo watu wazima wenye wajukuu hawalali. Na mimi sikulala. Kazini, zamu ya usiku, wenzangu walikuwa wakinijia wakati wa mapumziko kuniuliza, "Leo kuna nini?" Nilikuwa nacho cha kuwaambia kila mara.

Kwanza niliwafundisha kusoma makanusho. Desemba 2006 Nick Saban, akiwa kocha wa Miami Dolphins, alikana waziwazi kwamba atakwenda kufundisha Alabama. Januari 2007 alikuwa Alabama, na akatwaa huko mataji sita ya taifa. Ninayempenda zaidi ni Lincoln Riley. Novemba 2021, timu yake ya Oklahoma ilipofungwa na Oklahoma State, aliulizwa kuhusu chuo cha LSU, akasema hatakuwa kocha wa LSU. Kesho yake akatangazwa kuwa kocha wa USC, California. Hakusema uongo hata kidogo. Waliomuuliza ndio waliotaja chuo kimoja tu.

Halafu kuna fedha, ambazo bado zinanichosha akili. Novemba 2023 Texas A&M ilimwondoa Jimbo Fisher ikiwa inadaiwa zaidi ya dola milioni 75 kwa mkataba uliobaki. Yaani analipwa hizo ili asifanye kazi. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa, ni kocha wa chuo. Ndiyo maana tetesi zina thamani. Jina la kocha likitajwa kwingine, waajiri wake wanatoa kalamu. Penn State ilimfukuza James Franklin tarehe 12 Oktoba 2025, na jina la Curt Cignetti wa Indiana likaanza kutajwa. Tarehe 16 Indiana wakatangaza mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka. Matt Rhule wa Nebraska, aliyewahi kuichezea Penn State, naye akatajwa, naye akaongezewa mkataba kabla mwezi haujaisha. Sisemi kuna wakala aliyempigia mwandishi simu. Nasema tarehe zinasomeka.

Mambo ya namna hiyo niliyajua vizuri, na zamani niliyafurahia. Kilichonigeuza ni mama mmoja wa kanisani kwetu.

Ni Mkongo wa Uvira, na mtoto wake alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Walipofika Iowa kijana alikuwa hajawahi kuuona mpira ule wenye umbo la yai. Sekondari wakamwona alivyo mrefu na mpana, wakamvika kofia ngumu, wakamweka mstari wa mbele wa ulinzi. Alipokaribia kumaliza, akaja nyumbani kwao kocha msaidizi wa chuo kimoja cha majimbo ya huku kati, kuahidi ufadhili wa masomo kamili. Nilialikwa kutafsiri. Yule bwana alikula bugali na sombe, yaani kisamvu, kwa mkono, akaomba aongezewe, akamwita mama "mama" kama sisi. Kijana akakubali, na picha yake akiwa na jezi ya chuo ikabandikwa ukutani juu ya televisheni.

Sasa, kocha mkuu wa chuo hicho alikuwa kwenye orodha yangu. Tangu Septemba nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba hamalizi msimu, na Novemba akatimuliwa. Usiku ule kazini nilipongezwa, nikanunuliwa soda. Niliwapa majina ya wanaoweza kumrithi, nikaeleza kwa nini yule wa kwanza hatakubali na yule wa tatu ni ghali. Jina la msaidizi aliyekula kwa mama halikunijia kinywani.

Jumapili baada ya ibada mama alinishika mkono. "Papa," akaniambia, "ule muzungu alikulaka sombe yangu, eko wapi?"

Nilikuwa na jibu la kila swali la mchezo huo isipokuwa hilo. Kocha mkuu akiondoka, anaondoka na fidia. Wasaidizi wake, ambao huwa kama kumi, pamoja na wachambuzi wa video na watu wa mazoezi ya viungo, wanasubiri kuona kama mkuu mpya atawabakiza, na kwa kawaida huleta watu wake. Ahadi ya mdomo aliyopewa kijana haimfungi mtu yeyote, si yeye wala chuo. Hayo nilianza kuyaeleza pale nje ya kanisa, na nikiwa katikati ya maelezo nikamwona mama anaangalia viatu vyangu.

Tulipiga simu. Namba ya msaidizi ilikuwa haipokelewi. Baadaye akaibukia chuo cha kusini ambacho tayari kilikuwa na vijana wa kutosha wa nafasi ile. Benchi jipya la ufundi lilitujibu kwa adabu kwamba wanapitia majina upya. Desemba, siku ya vijana kusaini na vyuo ilipofika, karatasi haikuja. Kijana akaenda chuo cha miaka miwili, ambako anacheza hadi leo, na kwa maoni yangu anacheza vizuri kuliko alivyokuwa.

Toka hapo sizisomi tena tetesi kuanzia juu. Januari 2024 Saban alipostaafu, Alabama ilimchukua Kalen DeBoer wa Washington. Washington ikamchukua Jedd Fisch wa Arizona, Arizona ikamchukua Brent Brennan wa San Jose State, na San Jose State ikamchukua Ken Niumatalolo, yote ndani ya wiki mbili. Zamani ningeusifia mnyororo ule kama mtu anayesifia pasi nzuri. Safari hiyo kila jina nililizidisha kwa wasaidizi kumi, kisha kwa nyumba walimoketi na kula.

Zamu yetu ya Iowa ilifika Desemba 2025. Matt Campbell alikuwa Iowa State tangu msimu wa 2016, na kila Novemba jina lake lilitajwa kwingine, naye akabaki, hadi watu wakazoea. Dirisha la kusaini la mwaka huo lilifunguliwa Jumatano tarehe 3. Ijumaa tarehe 5 Campbell akatangazwa kocha wa Penn State. Siku hiyo hiyo Iowa State ikamtangaza Jimmy Rogers, aliyekuwa amemaliza msimu mmoja tu Washington State. Fikiria vijana wa vyuo viwili waliosaini Jumatano.

Kazini walinizunguka wakitaka nibashiri nani atakwenda Washington State. Niliwaambia kwanza natafuta jina la kocha wa mstari wa ulinzi, nione kama anabaki. Waliniona nimepoteza makali, na mmoja wao, kijana wa Des Moines, amechukua nafasi yangu ya ubashiri. Ana kipaji kweli.

Yule kijana anafuatwa tena na vyuo. Mama amejifunza Kiingereza cha kutosha kuuliza swali moja, na analiuliza kabla ya kupakua chakula: mkubwa wako akiondoka, wewe unabaki? Wawili wamejibu kwa hotuba ndefu. Wa tatu, kocha wa chuo kidogo, alisema hajui, kisha akaandika kwenye karatasi namba ya simu ya mkewe, kwa kuwa ile ya kazini, alisema, huzimwa siku ileile.

Mama ameibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa friji, na kijana amekwenda kukitembelea chuo hicho wikiendi hii.