Mgeni wa Peke Yake Katika Hoteli za Kagio

Mtu atokaye Nairobi kwa njia ya Thika na Makutano husafiri kilometa zipatazo 100 kabla ya kufika Sagana, na hapo njia hugawanyika. Moja huendelea kaskazini kwenda Karatina na Nyeri. Nyingine hushika mashariki, ikapita kati ya mashamba ya migomba, mahindi na nyanya, na baada ya mwendo mfupi humfikisha abiria Kagio, katika Kaunti ya Kirinyaga. Asubuhi ikiwa njema, Mlima Kenya huonekana juu ya mabati ya maduka, na kilele chake cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199, hung'aa. Baadaye mawingu huufunika, wala hapana mtu wa Kagio ainuaye macho kuutafuta, kwa kuwa wakati huo wote wameinamia nyanya.

Kagio ni soko kwanza, na mji baadaye. Nyanya huletwa kwa mikokoteni ya punda, kwa pikipiki na kwa pikapu, hupangwa katika kreti za mbao, kisha hupakiwa katika malori ya kwenda mbali. Bei yake yaweza kumtia mkulima wazimu: msimu mmoja hujenga nyumba, msimu wa pili hushindwa hata kulipa deni la dawa. Hapana jumba la kifahari hapa wala ziwa la kutembelea. Kwa hiyo akiulizwa mtu kwa nini mtalii afike Kagio, jibu la kweli ni kwamba amekuja kula na kulala kwa bei nafuu, baada ya kuchezea maji ya Sagana.

Mto Sagana, ambao ukishuka zaidi huitwa Tana, una mahali penye mawe na maporomoko, na tangu miaka ya 1990 watu wamekuwa wakiyateremka katika mashua za mpira. Wengine huja kuruka kutoka juu ya mnara, miguu imefungwa kamba inyumbukayo. Ni michezo ya kujitia hofu kwa fedha, mfano wa ile ya bustani kubwa za Marekani, kama ile aliyoifungua Walt Disney huko California katika mwaka 1955. Katika baadhi ya michezo ya bustani hizo, mgeni asiye na mwenzi amewekewa foleni yake mwenyewe, apate kujaza kiti kilichobaki wazi. Huko Sagana mambo ni yayo hayo. Mtu mmoja hawezi kuendesha mashua ile, basi hutiwa pamoja na wageni asiowajua, hupewa kasia, na wimbi la kwanza likiisha kuwapiga usoni, wote wamekuwa ndugu. Shida ya mgeni wa peke yake huanza anapovua kofia ya plastiki na kuona njaa.

Bibi mmoja, karani wa ofisi katika Nairobi, alifanya safari hiyo peke yake katika likizo ya siku chache. Hakuwa amemkimbia mume, wala hakuwa na miadi na mtu. Rafiki zake wawili waliokuwa wameahidi kufuatana naye walijitoa siku ya mwisho, mmoja kwa sababu ya fedha na mwingine kwa sababu ya mtoto mgonjwa, naye akaona si haki likizo yake ipotee. Mtoni hakupata taabu yo yote. Alilowa, akapiga kelele pamoja na wenziwe wa mashua, akacheka. Kisha wale wenzi wakapanda magari yao wakarudi Nairobi, naye akapanda matatu kwenda Kagio, ambako alikuwa amepanga chumba.

Alifika saa ya chakula cha mchana, na katika saa hiyo hapana mtu awezaye kula peke yake Kagio hata akitaka. Hoteli ni vyumba virefu vyenye meza ndefu na mabenchi. Anayeingia hunawa mikono kwenye beseni mlangoni, akatafuta nafasi palipo na nafasi, akaketi. Bibi yule aliagiza wali kwa ndengu. Wali ulikuwa pishori ya Mwea, mchele ule wenye harufu nzuri ulimwao katika mashamba ya maji yaliyo chini ya Kagio. Na yafaa kukumbuka kwamba mashamba hayo yalianza kuchimbwa katika mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya wafungwa wa kizuizini. Kabla kijiko hakijafika kinywani, wanawake watatu wauza nyanya waliketi mbele yake na kando yake, wakaweka mikoba yao mezani, wakamsalimu, wakamwomba chumvi. Mmoja akamwuliza ametoka wapi. Wa pili akamwuliza ana watoto wangapi. Wa tatu alitaka kujua kama Nairobi nyanya zinauzwa bei gani kwa rejareja, na aliposikia, alilaani madalali kwa sauti kubwa hata watu wa meza ya pili wakaitikia amina.

Wakikuyu husema, mũrĩa wiki akuaga wiki, yaani alaye peke yake hufa peke yake. Wengi huitumia mithali hiyo kumlaumu mchoyo, na kwa haki. Lakini mgeni hana choyo. Hana mtu tu wa kumgawia. Tofauti hiyo haionekani upesi na wale wamtazamao.

Jioni ilikuwa habari nyingine. Meza ndefu zilikuwa zimefungwa, na kilichobaki wazi ni bucha zenye majiko ya kuchomea nyama, na muziki, na wanaume wenye chupa. Bibi yule aliingia katika moja iliyoonekana safi, akaketi karibu na ukuta. Weita, kijana mwenye adabu, akamjia.

“Karibu, madam. Mko wangapi?”

“Ni mimi peke yangu.”

“Basi nimngoje mwenzako ndipo nikate nyama?”

“Hapana mwenzangu.”

Kijana alisema sawa, lakini alileta uma mbili. Nyama haikukatwa chini ya nusu kilo, nayo kwa mtu mmoja ni nyingi. Ikaletwa juu ya ubao, pamoja na ugali, kachumbari na rundo la chumvi pembeni. Alipokuwa akila, mzee mmoja alimpelekea soda bila kuulizwa. Mwingine alikuja kumwuliza kama kiti kile kina mtu, na alipoambiwa hakina, aliketi pasipo kukaribishwa. Bibi yule alisimama, akafungiwa nyama iliyobaki katika karatasi, akalipa, akarudi chumbani kwake kabla ya saa mbili u nusu. Mlango aliufunga kwa ufunguo, nyama akaimaliza kitandani. Soda aliiacha mezani haijafunguliwa.

Hapo ndipo penye neno. Mwanamume akiketi peke yake katika bucha ya Kagio, hudhaniwa ni dereva wa lori, au mnunuzi, au afisa aliyetumwa kukagua kitu, naye huachwa ale. Mwanamke akiketi vivyo hivyo, huhesabiwa kuwa anangoja, na kila apitaye hujiona kuwa ndiye angojwaye. Si desturi ya Kagio pekee. Hata hivyo ni desturi mbaya, na mwenye bucha anayependa fedha za wageni angefanya vema kuikomesha nyumbani mwake, maana bibi yule alilipa kwa noti kama wengine.

Kumwonea mgeni mashaka si jambo jipya katika nchi hii. Katika miaka ya Hali ya Hatari, toka Oktoba 1952 hata Januari 1960, watu wa Kikuyu, Embu na Meru hawakuruhusiwa kwenda huko na huko pasipo hati za ruhusa, na watu wengi walihamishwa wakakaa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Mgeni asiye na mwenyeji alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. Tena, meza ndogo ya mtu mmoja, yenye kitambaa cheupe na kisu cha siagi, ilikuwa katika hoteli za Wazungu huko Nyeri na Nanyuki, ambako Mwafrika aliingia kwa kubeba sinia tu. Mlaji wa peke yake katika nyumba zile aliheshimiwa, akaachwa na gazeti lake. Heshima hiyo ni njema, nayo haikupasa kuwa mali ya rangi moja. Meza ndefu za sokoni nazo ni njema. Yule bibi alizihitaji zote mbili katika siku moja.

Siku ya pili, mchana, aliwakuta wale wauza nyanya katika hoteli ile ile, akawasimulia habari ya soda. Walicheka kwanza, kisha hawakucheka. Jioni, wawili kati yao waliokuwa wakingoja lori lililochelewa walifuatana naye bucha ile ile. Walichanga fedha, wakaagiza kilo moja ya mbuzi, wakagombana na mwenye bucha juu ya mfupa mkubwa uliotiwa katika mizani, hata akautoa akatia nyama. Mzee wa soda alikuwapo. Mmoja wa wale akina mama alimwita kwa jina, akamsalimia kwa furaha, akamwuliza habari za mkewe. Mzee hakukaa sana.

Walikula hata saa nne. Mazungumzo yao, kwa sehemu kubwa, yalikuwa juu ya ugonjwa wa majani ya nyanya, jambo ambalo bibi wa ofisi hakulijua hata kidogo, naye alikiri baadaye kwamba alisinzia mara moja.

Asubuhi ya kuondoka alikwenda kunywa chai peke yake, kwa hiari, akiwa na gazeti. Weita alikuwa mwingine. Alileta kikombe kimoja, chupa ya chai ya maziwa na mandazi mawili, akaenda zake. Nje kreti zilikuwa zikipakiwa, na mlima ulikuwa bado wazi. Alipomaliza, alichukua mkoba wake akavuka njia kwenda stendi, ambako matatu ya Nairobi ilikuwa imejaa isipokuwa kiti kimoja cha nyuma, na utingo alikuwa akipiga kelele mlangoni, akigonga bati kwa kiganja: “Bado mmoja! Bado mmoja tu!”